Kosa la Kufuta Sauti ya Gram Parsons

Mjadala wa Sweetheart of the Rodeo siku zote huanzia kwenye chati. Albamu ya Byrds ya kantri ilitoka Agosti 1968, ikagota nambari 77 kwenye Billboard, wapenzi wa roki wakaikimbia, wapenzi wa kantri wakaikataa. Kisha atatokea mtu aseme kwamba ilitangulia zama zake. Sikubaliani naye. Wasikilizaji wa 1968 hawakuwa viziwi. Walisikia kitu kisichokaa sawa, na kitu hicho kiliwekwa humo kwa makusudi, studioni, wakati kazi ikielekea ukingoni: sauti ya mmoja wa wanabendi, Gram Parsons, ilifutwa katika nyimbo alizokuwa ameshaziimba, mahali pake ikabandikwa sauti ya kiongozi wa bendi, Roger McGuinn.

Nyimbo zenyewe mnazijua. Kuna “The Christian Life” ya akina Louvin, “You Don't Miss Your Water” ya William Bell, na “One Hundred Years from Now” ambayo Parsons aliitunga mwenyewe. Hiyo ya tatu haikuumia sana, kwa sababu McGuinn aliiimba na mwanabendi mwenzake Chris Hillman na sauti za wawili hao zilishazoeana. Zilizoumia ni mbili za kwanza, na ya kwanza ndiyo iliyoumia zaidi.

Isikilizeni “The Christian Life” kama ilivyouzwa madukani. McGuinn, mzaliwa wa Chicago, anavuta irabu kama mkulima wa Georgia, anapitisha maneno puani, na kila mwisho wa mstari anauongezea chumvi. Mwenyewe amekiri miaka ya baadaye kwamba lafudhi ile aliivaa kama mwigizaji anavyovaa uhusika. Sasa fikirini wimbo unasema nini. Ni ushuhuda wa mtu ambaye marafiki wamemcheka kwa sababu ya imani yake, naye hataki kurudi nyuma. Charlie na Ira Louvin waliuweka katika Satan Is Real mwaka 1959, wakauimba kama watu wanaosimama mbele ya waumini wenzao. Ukiuimba kwa lafudhi ya kuazima, mcha Mungu wa Tennessee ataona anadhihakiwa, na kijana wa San Francisco ataona amekaribishwa kucheka. McGuinn hakuwa na dhihaka yoyote moyoni. Lakini msikilizaji hafikiwi na nia ya mwimbaji, anafikiwa na sauti yake, na sauti ile ilisema kwamba hapa kuna mchezo.

Baada ya hapo chukueni ya Parsons, iliyokaa ghalani hadi ilipotolewa katika seti ya 1990 na tena katika toleo la diski mbili la 2003. Sauti yake ni nyembamba, mahali pengine inataka kupasuka. Waimbaji wenye mapafu kumzidi ni wengi. Ila hasukumi kitu. Alizaliwa Florida, akakulia Waycross, Georgia, kwa hiyo lafudhi hana haja ya kuitafuta. Anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, anaacha neno la mwisho lizimike lenyewe, na katika mwanya huo gitaa la stili la JayDee Maness linaingia kumjibu. Hili ndilo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Katika kantri stili huzungumza na mwimbaji, na mpigaji hupima mahali pa kuingia kwa kufuata pumzi yake. Ukimwondoa mwimbaji yule, ukamleta mwingine anayekalia mdundo bila kuchelewa, stili inabaki ikimjibu mtu ambaye hayupo tena chumbani. Ndiyo sababu toleo la 1968 linasikika kama tabaka mbili zisizoshikana, hata kwa asiyejua historia yake.

“You Don't Miss Your Water” ina kasoro ileile, na ndani yake kuna hasara nyingine. Huo ni wimbo wa soul, kutoka Stax ya Memphis, uliorekodiwa 1961 na mwimbaji Mweusi. Parsons aliuchagua kwa sababu aliamini kantri na soul ni ndugu wa damu waliotenganishwa na maduka ya santuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya mradi mzima, na katika sauti yake unaisikia ikithibitishwa: huzuni ya kanisani, isiyo na mapambo. Walipoifuta, hoja hiyo ilikwenda nayo.

Utetezi unaoletwa kila mara ni wa mkataba. Parsons alikuwa bado amefungwa na LHI, kampuni ya santuri ya Lee Hazlewood, tangu siku za bendi yake ya awali, International Submarine Band, na kampuni hiyo ikatishia kushtaki. Sawa. Kwa nini basi sauti yake ikaachwa katika “Hickory Wind”, “You're Still on My Mind” na “Life in Prison”? Mkataba gani unaozuia nyimbo tatu na kuruhusu nyingine tatu kwenye santuri moja? Mtayarishaji Gary Usher alieleza baadaye kwamba mzozo wa kisheria ulikuwa umeshapoa, na kwamba hofu iliyobaki ilikuwa albamu kugeuka kuwa ya Gram Parsons. Namwamini Usher. Nimeshalisema hili kuhusu bendi nyingi na nitaendelea kulisema: siku cheo ndani ya bendi kinapoamua nani aimbe, wimbo umeshashindwa kesi yake. Parsons alikuwa bado mwanachama sauti yake ilipokuwa ikifutwa. Hakuondoka hadi Julai.

Kuondoka kwenyewe kunahitaji mistari michache kwa msomaji wa huku kwetu. Baada ya onyesho la Royal Albert Hall mjini London, bendi ilikuwa inakwenda Afrika Kusini ya makaburu, Parsons akakataa kupanda ndege. Hillman amesema mara nyingi kwamba jamaa alitaka tu kubaki na akina Rolling Stones. Huenda alilitaka na hilo. Hata hivyo yeye hakwenda na wao walikwenda, katika miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa nyumbani kwa wapigania uhuru wa nchi ileile.

Atakayenikumbusha kwamba Byrds walizomewa katika ukumbi wa Ryman, Nashville, tangu 15 Machi 1968, kabla sauti yoyote haijafutwa, amesema kweli. Siku ile kwenye Grand Ole Opry, onyesho la kantri la redio, baadhi ya watu waliwapigia kelele wakate nywele. Parsons akaongeza kosa lake kwa kubadilisha wimbo jukwaani: ulikuwa umetangazwa wa Merle Haggard, yeye akaimba “Hickory Wind” na kuutoa kwa bibi yake. Wazee wa Opry walichukia, na Ralph Emery wa redio ya WSM akawabeza hewani. Lakini nywele haziingii kwenye santuri. Albamu ilikuwa nafasi ya kusikilizwa bila kuonekana, na nafasi hiyo waliiharibu wenyewe.

Mpaka leo sijaona aliyeifanya kazi hii ya kuimba kantri akitokea nje yake kama Ray Charles. Mwaka 1962 alitoa Modern Sounds in Country and Western Music, akachukua nyimbo za Don Gibson na Hank Williams, akaziimba kwa koo lake mwenyewe bila kuvuta irabu hata moja kumfurahisha mtu wa Nashville. Ilikaa wiki 14 kileleni mwa chati ya albamu. Na sisi tuliomsikia Jim Reeves redioni tunajua kwamba mtu yule wa Texas alitamka kila neno likasikika hadi kijijini ambako Kiingereza kilikuwa cha wachache. Ndiyo maana nakereka kila nikiwasikia vijana wetu wa Nairobi wakipanda jukwaani kuimba nyimbo zake kwa kutafuna maneno, wakidhani huko kutafuna ndiko kantri. Na wanaoniletea mfano wa bendi ya roki ya Bon Jovi na albamu yao yenye ladha ya kantri, Lost Highway ya 2007, ningewaomba waniletee kwanza wimbo mmoja humo ambao stili imeachiwa nafasi ya kupumua.

Mengine ya albamu ni kazi safi: banjo na fidla za John Hartford, gitaa la Clarence White, na Lloyd Green, ambaye stili yake mnaijua kutoka santuri za Don Williams, aliyeambiwa ajaze kila mahali katika “You Ain't Goin' Nowhere” na akajaza bila kumziba mtu.

Hillman na Parsons walikutana tena katika Flying Burrito Brothers, wakatoa The Gilded Palace of Sin mwaka 1969, na hapo Parsons aliimba bila wa kumfuta. Haikuuza hata kiasi cha Sweetheart. Lakini anayeisikiliza leo hana shaka yoyote kama waimbaji wale wanamaanisha wanachoimba, na shaka hiyo ndiyo iliyoiua Sweetheart masikioni mwa watu wa 1968.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa vipindi vya kantri vya Jumapili. Mnapofika kwa Byrds, “Hickory Wind” ipigeni kama ilivyo. “The Christian Life” na “You Don't Miss Your Water” zitoeni kwenye toleo la 2003, zile alizoimba Parsons, na mumtaje kwa jina kabla wimbo haujaanza.