Mwamvuli wa Mkrismasi Huanzia Kwenye Shina

Desemba ikifika, mkrismasi hauhitaji kutafutwa. Tanga, Lindi, Mombasa na Malindi, maua mekundu hufunika matawi hata kabla majani hayajarudi vizuri, na sifa zote huenda kwa maua. Mimi hutazama shina kwanza. Maua huja yenyewe. Kivuli kizuri ni kazi ya mkono wa mtu.

Chukua mti uliokomaa, ule ambao darasa zima linaweza kukaa chini yake. Ukiona shina moja limepanda wima hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, kisha matawi makubwa matatu au manne yameachana nafasi, jua kuna mtu aliyeupitia kwa mkasi ulipokuwa bado mche. Mkrismasi ukiachiwa hiari yake aghalabu hugawanyika karibu na ardhi: matawi mawili yenye unene uleule hupanda yakibanana, gome linakunjika katikati yao, na panda haishikamani. Mti wenyewe una mbao dhaifu. Kusi likivuma na mvua za masika, panda hupasuka na nusu ya mti hulala chini.

Kinachouokoa ni kuchagua tawi moja la kuongoza na kulifupisha kila linaloshindana nalo, mwaka baada ya mwaka, mpaka shina safi lifike mita 2.5 au 3. Hapa wengi hukimbilia kukwangua matawi yote ya chini kwa siku moja, na mche unabaki mrefu, mwembamba, umeinama. Matawi hayo ndiyo yanayonenepesha shina. Yafupishwe kwanza, yaondolewe kidogokidogo yangali membamba ili majeraha yazibe upesi.

Mengine yanaelezwa na kwao mti huu ulikotoka, misitu mikavu ya Madagaska inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Maelezo ya kitaalamu ya mwanabotania Wenceslas Bojer kuuhusu yalichapishwa mwaka 1829, na leo wanasayansi wanauita Delonix regia. Mbegu ya nchi kavu huvaa ganda gumu ili isiote kwa manyunyu ya kupita. Ndiyo maana kitaluni husuguliwa kwa msasa au tupa upande mmoja mpaka ndani kuonekane, au humwagiwa maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa na kulowekwa usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupandwa. Miche isizeekee kwenye viriba pia, kwa sababu mzizi uliojizungusha ndani ya kiriba huendelea kuzunguka hata ukishakuwa ardhini, na mti mkubwa unakosa mshiko.

Maji nayo yana kipimo. Mche unayahitaji kiangazi cha kwanza na cha pili, pamoja na matandazo yasiyogusa shina. Ukishakita mizizi, acha ukame ufanye kazi yake: mti unaonyweshewa kila siku hustawisha majani na kubana maua.

Lililobaki ni nafasi, na hapo ndipo naona miti mingi ikihukumiwa kabla haijakua. Mizizi ya mkrismasi hutambaa karibu na uso wa udongo, hivyo huinua sakafu, hupasua kuta na kuharibu mabomba. Kilele chake huweza kutanuka kuliko urefu wa mti wenyewe. Mita 8 hadi 10 kutoka ukutani ni haki yake, na mbali na shimo la maji taka. Kiwanja cha 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakina pa kuuweka. Mwembe wa kubebeshwa utatosha hapo. Uwanja wa shule, wa hospitali au wa msikiti una mahali, ila isipandwe kwa mita 4 kwa 4 kama shamba la kuni. Miti iliyobanwa hivyo hurefuka kutafuta jua, na matawi yake hayalali kamwe kuwa mwamvuli.