Walioyachunguza Maji ya Lengelenge

Mtu anameza dawa ya kifafa au septrini, dawa ambayo maelfu wameimeza isiwadhuru. Wiki chache baadaye homa inampanda, midomo inachubuka, macho yanawaka, kisha ngozi inafura malengelenge na kubanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Ikibanduka chini ya asilimia 10 ya ngozi ya mwili, madaktari wanauita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30, wanauita TEN, na hapo wengi hufa.

Ugonjwa huu ulikuwa na fumbo. Ukikiweka kipande cha ngozi hiyo chini ya darubini, utaona tabaka la juu limekufa lote, lakini seli za kinga zilizopo pale ni chache mno. Wauaji wachache wamewezaje kuua kiasi hicho? Baadhi ya silaha zilizoshukiwa, kama perforini na granzaimu, hutumika seli inapoigusa seli nyingine, na hapa seli za ngozi zilionekana kufa hata zisipoguswa.

Timu ya Taiwan ya Wen-Hung Chung, Shuen-Iu Hung na Yuan-Tsong Chen iliamua kuyatazama majimaji ya malengelenge yenyewe. Damu ni rahisi kutoa, lakini damu inapita kila mahali. Lengelenge limekaa palepale penye madhara. Ndani yake walikuta seli T za kuua pamoja na seli za NK, zote za kinga, wakachunguza ni jeni zipi zinafanya kazi humo. Iliyojitokeza mbele ilikuwa ya granulisini, protini ndogo ambayo seli huimwaga nje ikasambaa yenyewe.

Wengine wangetosheka hapo. Wao walipima kiasi chake wakakuta kinazidi mno kile cha silaha nyingine zote zilizoshukiwa. Wakaiondoa granulisini kwenye majimaji: makali ya kuua yakapungua. Wakaichoma kwenye ngozi ya panya: malengelenge yakatokea. Kuondoa, kisha kuweka, kila mara wakiipa protini hiyo nafasi ya kuonekana haina hatia. Hilo ndilo ninalolistahi zaidi katika ripoti yao ya mwaka 2008.

Kuhusu nani yuko hatarini, timu hiyohiyo ilikuwa imeonyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa wote 44 waliodhuriwa na kabamazepini, dawa ya kifafa, walikuwa na jeni ya HLA-B*15:02; kati ya 101 walioivumilia dawa, ni watatu tu waliokuwa nayo. Baadaye watu 4,877 walipimwa kabla ya kuanza dawa, na wenye jeni hiyo wakashauriwa wasiitumie. Matokeo yalitoka mwaka 2011: katika wale walioruhusiwa kuimeza, hakuna hata mmoja aliyebanduka ngozi.

Afrika jeni hiyo ni nadra, kwa hiyo kipimo hicho cha Taiwan hakitulindi. Kwa nevirapini, dawa ya VVU iliyotumika sana kwetu, utafiti wa Malawi uliotoka mwaka 2013 uliinyooshea kidole jeni ya HLA-C*04:01, lakini wanayo wengi ambao dawa haiwadhuru kabisa. Jeni peke yake haitoshi kumwambia daktari amnyime nani dawa. Lazima zitazamwe seli zenyewe, kutoka kwenye malengelenge ya wagonjwa wa huku, kwa uvumilivu uleule.