Mgeni au Mwalikwa? Tathmini ya Istilahi za Akaunti zenye Mipaka katika Seva za Kuhamishia Faili

Neno mgeni ndilo humjia kwanza mtafsiri anayeandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu akaunti zenye mipaka katika seva za kuhamishia faili. Makala haya yanadai kuwa neno hilo, likitumiwa peke yake, linaficha tofauti ambayo usalama wa taarifa unaitegemea.

Mkanganyiko huo haukuanzia katika Kiswahili. Waraka wa RFC 1635 wa mwaka 1994 unaeleza kuwa anayeingia katika hazina ya umma kwa itifaki ya FTP hutumia jina "anonymous", na kwamba nywila iliyozoeleka ni "guest" au anwani ya baruapepe. Asiye na jina na mgeni wakawa mtu mmoja. Programu ya WU-FTPD iliwatenganisha kwa kuweka matabaka matatu: mtumiaji halisi, mgeni na asiyejitambulisha. Mgeni wa hapo ana jina na nywila yake, ila hufungiwa ndani ya saraka moja.

Chukulia kwamba mwongozo wa idara unaagiza: "Wageni waruhusiwe kupakua ripoti." Msimamizi mmoja atafungua akaunti kumi zenye nywila, mwingine atawafungulia walimwengu wote. Kila mmoja atakuwa ameitii sentensi ile ile.

Huenda neno mgeni likatetewa kwa mfano wa nyumba ya Waswahili, ambamo mgeni huishia barazani. Sitiari hiyo inavutia, lakini haifiki mbali. Mgeni wa barazani anajua kuwa vipo vyumba asivyoingia. Mgeni wa seva huonyeshwa saraka yake kana kwamba ndiyo mzizi wa mfumo mzima. Kwake, baraza ndiyo nyumba. Kinachomzuia si adabu, bali ukuta asiouona. Katika OpenSSH, saraka hiyo sharti imilikiwe na msimamizi mkuu, na mwingine yeyote asiweze kuiandikia. Mgeni akitakiwa kuleta faili, hutengewa folda ndogo ndani yake.

Inapendekezwa kwamba mwenye nywila aitwe mwalikwa, na mwingine aitwe asiyejitambulisha. Mwalikwa ni neno lenye harufu ya sherehe, lakini lina faida ya kisera: mwaliko una mwenyeji anayewajibika, una muda, na unaweza kufutwa.

Hata hivyo, istilahi njema haifidii itifaki dhaifu. FTP ya asili husafirisha nywila bila kusimbwa, hivyo jina la mwalikwa laweza kuibwa njiani. SFTP huziba pengo hilo. Kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, miongozo ya namna hii itazidi kuvuka mipaka. Neno linaloeleweka kwa namna mbili katika ofisi mbili litavuka nayo.