Heko kwa Wanaopanga Upya Skrini za Benki

Agosti 2020, Citibank ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Zikatoka karibu dola milioni 900. Ili pesa za mkopo wenyewe zisitoke nje ya benki, programu ya Flexcube ilitaka visanduku vitatu vijazwe, kilijazwa kimoja. Watu watatu walipitia muamala ule, wote wakaupitisha. Benki ikahangaika mahakamani hadi iliposhinda rufaa Septemba 2022. Wengi walisema uzembe. Mimi nailaumu skrini.

Ndiyo maana nawavulia kofia wabunifu wanaopanga upya mifumo ya ndani ya benki, ile ambayo mteja haioni kamwe. Kupaka rangi ni sehemu ndogo ya kazi yao. Mbunifu hodari huvuta kiti nyuma ya keshia, akanyamaza, akatazama. Ataona kikaratasi kilichobandikwa pembeni mwa kompyuta, kimejaa namba za kufungulia kurasa. Ataona vidole vikikimbia kwenye kibodi huku macho yakiwa kwa mteja. Akiziondoa namba hizo za kibodi ili aweke picha za kubofya kwa kipanya, foleni itafika mlangoni, na keshia atakuwa na haki ya kununa.

Kwa hiyo huacha kinachofanya kazi. (Wahandisi nao humsihi asiguse mengi: huko ndani mara nyingi mna Cobol, lugha ya kompyuta iliyobuniwa 1959.) Nguvu zake huzipeleka kwenye ukurasa wa mwisho, ule unaotamka waziwazi kabla pesa hazijatoka: kiasi hiki, kwa fulani, kutoka akaunti hii.