Dagaa Waadimika, Bei Yapaa

Penye meza ya muuza magazeti, Kigoma mjini, wanaosoma wakiwa wamesimama ni wengi kuliko wanaonunua. Vichwa vya habari vimetungwa kwa ajili yao hasa.

Chukua mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Tuseme unamsimulia jirani: dagaa wameadimika, na kwa sababu hiyo bei imepanda mno. Mhariri ana nafasi ya maneno manne: "Dagaa waadimika, bei yapaa". Ile -me- ya mazungumzo imeondoka, -a- imeingia, na jambo lililokwisha kutokea linasomeka kana kwamba ndiyo kwanza linatokea. "Kwa sababu hiyo" yote imemezwa na mkato mmoja.

Mwenzake wa gazeti la Kiingereza ana "the" na "a" za kutupa. Huyu wetu hana, na maneno yake ni marefu, hivyo hukamua kitenzi. "Polisi wamsaka dereva": wasakaji wengi, msakwaji mmoja. "Wavuvi waokolewa": nani kawaokoa, soma ndani.

Ujiji yenyewe, hapa jirani, iliwahi kuwa kichwa cha habari. Stanley, mwandishi aliyetumwa na New York Herald, alimkuta mmisionari Livingstone hapo Novemba 1871, na wasomaji wa Marekani wakaipata habari Julai 1872. Magazeti ya zama zile yalipanga vichwa ngazi kwa ngazi, mstari chini ya mstari, hata msomaji akaijua habari kabla hajaianza. Ufundi upo, lakini ni wa mtu mwenye karatasi ya kuchezea.

Kinachonivutia zaidi kiko kurasa za michezo. "Simba yaua" ni klabu ya Msimbazi imefunga mabao mengi. "Simba aua" ni mnyama, kaa ndani. Herufi moja tu, na hakuna msomaji wa Kigoma anayehitaji kufafanuliwa.

Uvivu nao upo. Aliyeandika "hapatoshi" mara ya kwanza alikuwa fundi. Leo kila mechi ya watani hapatoshi, na kila waziri akifungua mdomo anatema cheche. Mimi humpenda yule ambaye, baada ya dakika 90 za kelele, huandika "Simba, Yanga sare" bila kitenzi chochote, akaenda kulala.