Mtu, Kitu na Fahamu: Kagame Mpakani

Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu, aliisoma falsafa ndani ya sarufi: umuntu ni kilichopo chenye akili, ikintu ni kilichopo kisicho na akili, na vyote vina mzizi -ntu. Madarasani tumesikia hoja hii ikivutwa hadi kudai kwamba kwa Mbantu fahamu ndiyo msingi wa uhalisia, maada hufuata. Huko ni kumsingizia. Kwa Kagame akili hutenganisha ngeli tu. Jiwe nalo lina -ntu.

Hata hivyo, hoja yenyewe hukwama Busia na Tororo. Msamia ana ngeli kama zetu. Mteso hugawa nomino kwa jinsia: kiume, kike na isiyo kiume wala kike. Mjopadhola, ambaye lugha yake ni ya Kiluo, hana ngeli hizo kabisa. Je, watatu hawa wanaouziana mahindi wanaishi katika uhalisia wa namna tatu?

Na Kiswahili? Kagame humweka ng'ombe pamoja na jiwe. Sisi husema ng'ombe anakuja, kifaru anakuja, kwa upatanisho wa mtu. Basi upatanisho wetu hufuata uhai, si akili. Mwalimu anayetaka kutetea fahamu kama msingi, atafute ushahidi nje ya viambishi.