Kumsoma Sungura Asiye na Cheti

Mnunuzi wa mbuzi mnadani humfungua mnyama mdomo kabla ya kuuliza bei. Akiona meno mawili makubwa katikati ya meno ya utoto, anajua mbuzi amepita mwaka na kitu. Manane yakishatimia, mbuzi amekomaa, ana miaka kama minne. Ni elimu ya kale, na wafugaji wengi wanayo walau kidogo. Sasa mpe mtu huyo sungura. Hata akimfungua mdomo, hatapata jibu, kwa sababu meno ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kila wiki, yakipunguzwa na majani anayotafuna na kwa kusagana yenyewe. Wa miezi 8 na wa miaka 6, kama wote wamelishwa vizuri, wana meno yanayofanana.

Kwa hiyo mtu anayeweza kumpokea sungura aliyeokotwa au kununuliwa kando ya barabara, akampapasa kwa utulivu na kueleza umri na mbegu yake kwa kiasi cha kuaminika, mimi namheshimu kuliko mjuzi wa mbuzi. Hana mahali pamoja pa kutazama. Inambidi akusanye dalili ndogondogo kutoka mwili mzima, na kila dalili aiulize maswali kabla ya kuikubali.

Vitoto havimsumbui. Aliyezaliwa leo hana manyoya na macho yamefumba. Manyoya hutanda ndani ya wiki ya kwanza, macho hufumbuka mnamo siku ya 10 hadi ya 12, na kufikia wiki ya tatu vinatoka kiotani na kujaribu majani. Madume hushusha korodani kwenye wiki ya 10 au 12. Baada ya hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo uzuri wake unapoonekana. Mizani ikisema kilo 2, huyo ni nani? Anaweza kuwa mtoto wa Flemish Giant, mbegu ya Ubelgiji inayopita kilo 6 ikikomaa. Anaweza pia kuwa Dutch aliyemaliza kukua zamani. Umri hausomeki bila mbegu, wala mbegu bila umri. Mjuzi huyabeba maswali yote mawili kwa pamoja, akiruhusu hili lilisahihishe lile.

Kisha huenda kwenye makucha. Kwa sungura mchanga ni mafupi, membamba, yamejificha ndani ya manyoya ya mguu. Kadiri miaka inavyokwenda hunenepa, hupinda, hutokeza nje. Lakini mjuzi wa kweli hasemi neno kabla ya kuuliza sungura huyo analala wapi. Sakafu ya saruji husugua makucha, wavu wa kizimba huyaacha yarefuke, na mwenye nyumba anaweza kuwa ameyakata juzi. Swali hilo la sakafu ndilo ninalolipenda kuliko yote katika ufundi huu. Linatenganisha anayeangalia na anayefikiri.

Baada ya makucha anageuza miguu ya nyuma atazame visigino: manyoya bado yamejaa, au ngozi imeota sugu? Anapapasa chini ya kidevu cha jike, ambako mkunjo wa ngozi hutokea akishapevuka. Anapitisha kiganja mgongoni asikie kama nyama imepungua kando ya uti. Anatazama macho, kwa kuwa mtoto wa jicho huwapata zaidi wazee. Daktari wa mifugo mwenye eksirei ataona pia kama gegedu za ukuaji kwenye miguu zimefunga. Hilo humtenga kijana na aliyekomaa, lakini zikishafunga haziongezi habari. Watafiti Dudzinski na Mykytowycz walipotaka umri wa sungura mwitu wa Australia, mwaka 1961, walitumia uzito wa lenzi ya jicho iliyokaushwa, kwani lenzi huzidi kuwa nzito maishani. Kipimo hicho humtaka mnyama aliyekwisha kufa. Kwa aliye hai tumebaki na vidole.

Mbegu nayo ina mitego yake. Sungura mweupe mwenye macho mekundu huitwa New Zealand White papo hapo, mbegu ambayo kwa kweli ililelewa Marekani. Weupe huo hutokana na kukosa rangi, na hufunika rangi zote alizorithi chini yake, kwa hiyo hauthibitishi ukoo. Mwenye ujuzi hutazama umbo, upana wa kiuno, uzito wa kilo 4 hadi 5 na zaidi. Akiona kivuli hafifu puani na masikioni, hushuku damu ya California, mbegu iliyoanzishwa na George West mwaka 1923 katika jimbo hilo. Weusi wa California hujitokeza pale mwili ulipo baridi: puani, masikioni, miguuni na mkiani. Ndiyo maana aliyekulia kwenye baridi ya Limuru huwa na alama zilizokolea kuliko ndugu yake wa Tanga kwenye joto. Asiyejua hilo atamwita wa Tanga chotara bure.

Wa kijivu na hudhurungi humpuliza manyoya. Pumzi hufungua miviringo ya rangi: kijivu karibu na ngozi, mkanda wa hudhurungi, ncha nyeusi. Mkanda ukiwa mweupe kama lulu, kuna damu ya Chinchilla ya Ufaransa. Rangi ya kwanza ndiyo ya sungura mwitu wa Ulaya, babu wa mbegu zote hizi. Muuzaji anayedai mnyama wake ni chotara wa sungura wa porini kwetu hana ushahidi. Wa kufugwa ana kromosomu 44, wa mbuga zetu wa jenasi ya Lepus ana 48, na mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi.

Haya yana uzito kwa mnyama mwenyewe. Jike asiyeondolewa mfuko wa uzazi, akishapita miaka 3 au 4, yumo katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko huo, na anayedhaniwa kuwa na mwaka mmoja hatachunguzwa. Wenye masikio yaliyolala wanahitaji masikio yakaguliwe mara kwa mara. Wenye uso mfupi, kama Netherland Dwarf, meno yao hupishana kwa urahisi.

Nawapenda hasa wale ambao jibu lao huja na mipaka yake: amepita mwaka, nadhani hajafika mitano, la kwanza nina hakika nalo kuliko la pili; damu ya California ipo, iliyobaki siioni. Kisha huandika uzito na tarehe kwenye kadi, na kumtaka mwenye sungura arudi baada ya miezi miwili. Akirudi mnyama ameongeza nusu kilo na mgongo haujanenepa, basi alikuwa bado anakua, na ule mwaka mmoja unafutwa, unaandikwa upya.